Mbio za Magari: Mwanafunzi Aanze na Breki

Hapana shaka kwamba vijana wetu wanapenda mbio za magari. Tangu Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, wanafunzi wengi hujiona warithi wa Joginder Singh, aliyeyashinda mashindano hayo miaka ya 1965, 1974 na 1976. La kusikitisha ni mahali wanapojifunzia: barabara za umma, penye watoto na wachuuzi.

Uko uwanja unaofaa. Otokrosi ni mashindano yanayofanyika katika njia fupi iliyofungwa, yenye kona nyingi, ambamo dereva hushindana na saa. Hapa kwetu huendeshwa juu ya udongo, kama pale Jamhuri Park jijini Nairobi. Nchini Marekani aghalabu huwa juu ya lami, njia ikionyeshwa kwa koni za plastiki, na kila koni inayoangushwa humwongezea dereva muda wa adhabu.

Anayeanza hudhani kwamba ushindi hutokana na kukanyaga mafuta. La hasha! Tairi lina kiasi maalumu cha nguvu za kushika ardhi; ukizitumia zote kwa breki, huna za kukatia kona. Kwa hiyo funga breki gari likiwa limenyooka, iachilie taratibu unapougeuza usukani, kisha ongeza mafuta unapotoka konani. Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Huku uwanjani, anayeingia konani polepole hutoka upesi. Isitoshe, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimamisha gari kwa breki huwa takriban mara nne. Mwalimu wa fizikia anaweza kulithibitisha jambo hili ubaoni.

La pili ni macho. Kabla ya kushindana, itembee njia kwa miguu na uzikariri kona zake. Ukiwa garini, tazama kona ifuatayo, kwani mikono hufuata macho.

Mimi ni mtu wa isimu, na neno usukani hunifunza mengi. Kabla ya kuwa wa gari, usukani ulikuwa wa chombo cha bahari. Nahodha huugeuza mapema na kwa kiasi, maana chombo hakigeuki papo hapo. Gari juu ya udongo nalo lina tabia iyo hiyo: anayeushtua usukani huishia kuteleza.

Mengine ni machache. Vaa helmeti, funga mkanda, ondoa kila kitu kinachoweza kurukaruka ndani ya gari, na umwombe dereva mzoefu akae kando yako akuelekeze. Gari la kawaida latosha. Injini yenye nguvu nyingi humficha mwanafunzi makosa yake.

Walimu wenzangu, kuwakemea vijana pekee hakutoshi. Tuwaonyeshe uwanja. Aliyewahi kuhisi gari likimponyoka mahali pasipo na mtu wa kuumizwa ataelewa, kuliko tuwezavyo kumhubiria, kwa nini hana ruhusa ya kufanya hivyo mbele ya lango la shule.