Rola Ina Kilo Ngapi? Biashara ya Bomba Linaloingiza Maji Nyumbani

Fundi alilikata bomba kwa msumeno wa chuma, akakigonga kipande mara mbili kwenye ukingo wa karo, kikamwaga unga mweusi mfano wa kahawa. Kisha akanipa nichungulie. Lilikuwa bomba la robo tatu, limelala chini ya uani Sinza tangu miaka ya 1980. Kutu ilikuwa imeota ndani kwa mapindo mapindo, na tundu lililobaki halikupitisha hata kidole changu cha mwisho. Kalamu ilipita kwa kusukumwa.

"Bosi, watu wa maji mmewalaumu bure," akasema, akaendelea kukata.

Habari za maji Dar es Salaam tumezoea kuzisoma kwa lita milioni: mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196. Kwetu mto mzima ulikuwa unaishia kwenye tundu la kalamu. Na tundu lile halikuwa la mamlaka ya maji. Kutoka barabarani hadi kwenye mita, bomba ni mzigo wa DAWASA. Kutoka kwenye mita kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba, kuvuja kwake na bili yake. Bomba hilo la pili halina mkaguzi wala zabuni, na mara nyingi hata mchoro halina. Lina mwenye nyumba, fundi wa mtaani na muuza duka, na kati ya watatu hao mmoja tu ndiye anayejua anachouza.

EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, imekuwa ikionyesha kwenye ripoti zake kwamba zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa na mamlaka zetu hupotea bila kulipiwa. Hiyo ni hasara ya mamlaka. Maji yanayovuja baada ya mita hayamo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu yameshauzwa, na aliyeyanunua ni wewe. Tundu la milimita 2 tu, pale presha inapotosha kupandisha maji mita 20 kwenda juu, humwaga takriban lita 130 kwa saa. Yakitoka usiku na mchana ni uniti tatu kwa siku, uniti 90 kwa mwezi. Chukua bili yako ya mwisho ufanye hesabu mwenyewe. Na mgao ukija, kama ule wa Oktoba na Novemba 2022 mto Ruvu ulipopungua, tundu lile lile hugeuka mdomo: bomba likishakuwa tupu hunyonya kilichoko nje yake, hata kama ni maji ya karo.

Kwa hiyo watu wanabadilisha mabomba. Ukiingia Gerezani na mitaa ya Kariakoo inayouza vifaa vya ujenzi, utaulizwa swali moja: unataka ya chuma, ya gundi, ya kuchomea au ya rola?

La chuma, ambalo mafundi huliita GI, ndilo lililokuwa bomba la heshima. Huuzwa kwa vipande vya mita 6. Mkanda wa buluu ni daraja la kati, mwekundu ni zito. Linavumilia panga, jua na watoto wanaoning'inia kwenye koki, na bado sioni cha kulishinda pale kwenye stendi ya mita au popote bomba linapotoka nje ya udongo. Chini ya ardhi ya pwani ni habari nyingine. Udongo wa chumvi hula zinki kwanza, chuma baadaye, na kutu hukua kuelekea ndani, ndiyo maana mwenye nyumba huona maji yakipungua mwaka hadi mwaka bila kuona mahali palipolowa.

La gundi ni PVC. Ni rahisi, kila kijana aliyeshinda kwenye jengo wiki mbili anaweza kuliunga. Lakini nalo huja kwa mita 6. Kutoka mita ya maji hadi jikoni kwangu ni mita 40, maana yake viungio sita vya gundi kabla hujahesabu elbo hata moja. Likiachwa juani hukauka na kuwa kama ganda la yai, na gari likipita juu yake kwenye mtaro wa kina kifupi, kazi imeisha.

La kuchomea ni PPR, la kijani au jeupe, kwa vipande vya mita 4. Ndani ya nyumba halina mpinzani, hasa penye maji ya moto. Mashine huwekwa nyuzi joto 260, na muda wa kuchoma hutegemea saizi: sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, 7 kwa la 25, 8 kwa la 32. Fundi anayehesabu sekunde hizo huku anaongea na simu ataliziba bomba kwa ndani, plastiki ikiyeyuka na kufumba tundu, na hutajua mpaka ufungue maji.

Linabaki la rola, HDPE, na hapa ndipo biashara yenyewe ilipo.

Bomba jeusi lililozungushwa mbele ya duka lilianza maisha yake likiwa gesi. Afrika Mashariki haitengenezi punje za poliethilini. Viwanda vyetu huziagiza, nyingi zikitoka Ghuba, ambako kampuni kama SABIC ya Saudi Arabia na Borouge yenye mitambo yake Ruwais, Abu Dhabi, hugeuza gesi kuwa ethilini na ethilini kuwa punje. Zinapakiwa kwenye mifuko ya kilo 25, zinavuka bahari, zinateremka bandarini. Kiwanda cha hapa, Plasco wakiwa mmojawapo, huziyeyusha na kuzisukuma zitoke zikiwa bomba lenye mistari ya buluu. Weusi wake unatokana na masizi maalumu yanayolikinga na jua. Ukisikia bei ya rola imepanda, basi katika mafuta na gesi, dola na nauli ya meli, kimoja kimetikisika. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao umejengwa kulinda kazi hii ya kuyeyusha na kusukuma: malighafi kwa kawaida 0%, bidhaa ya katikati 10%, iliyokamilika 25%, na tangu Julai 2022 ipo ngazi ya 35%.

Mteja anayependwa kiwandani ni serikali. Tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ianze mwaka 2019, vijijini kunatandazwa mabomba kwa kilomita. Mradi wa miji 28, uliosainiwa Juni 2022 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, ni mfano wa oda ambazo mwenye kiwanda huzingoja. Oda ya namna hiyo huja na mhandisi mshauri, vipimo vya maabara na haki ya kurudisha mzigo. Mwenye nyumba wa mita 40 haji na chochote. Hujua jina tu. Anasema "nipe HDPE ya inchi", anapewa HDPE ya inchi, na hajadanganywa, kwa maana jina ni lile lile.

Mimi nilisema hivyo hivyo katika maduka matatu, na rola tatu nilizoonyeshwa zilikuwa tofauti. Zote nyeusi, zote milimita 32 kwa nje, zote mita 100. Duka la tatu lilikuwa na mizani mlangoni, ya kupimia misumari, nikamwomba kijana aiweke rola juu yake. Alinitazama kama mtu anayetaka kupima uzito wa shati kabla ya kulinunua, akaiweka: kilo 18 na kidogo.

Hesabu yake hii hapa. Bomba la milimita 32 la daraja la PN16, lililotengenezwa kwa plastiki ya PE100, lina ukuta wa milimita 3. Rola yake ya mita 100 haipungui sana kilo 26. La PN10 lina ukuta wa milimita 2, na rola yake ni kilo 18 hivi. Milimita moja ya ukuta, ambayo jicho haliioni bomba likiwa limezungushwa, ni karibu theluthi ya plastiki yote. PN16 maana yake linabeba presha ya bar 16, sawa na maji yaliyosimama mita 160. PN10 ni bar 10. Namba hizo hupimwa kwa nyuzi joto 20. Kwenye nyuzi 30 unazidisha kwa 0.87, kwenye 40 kwa 0.74, kwa hiyo bomba jembamba lililotandazwa juu ya ardhi kwenye jua la Tegeta linabakiwa na bar 7 na ushee. Kuuza PN10 si kosa, kuna kazi inayoifaa. Kosa ni kuiuza kwa bei ya PN16 kwa mtu asiyejua kuna tofauti.

Baya zaidi ni rola isiyo na daraja lolote, iliyochanganywa plastiki iliyokwishatumika. Kiwango cha kimataifa cha mabomba haya, ISO 4427, hakiruhusu malighafi iliyookotwa nje ya kiwanda. Likate: likinuka moshi, au ndani likiwa na makunyanzi badala ya kuteleza, liache hapo. Bomba halali huandikwa ubavuni kila baada ya hatua fupi: jina la mtengenezaji, kiwango, PE100, 32 x 3.0, SDR 11, PN16, tarehe ya kutengenezwa. Maandishi yakifutika kwa kidole chenye mate, nayo ni jibu.

Bomba likiwa zuri, inabaki kuliunga, na hapo ndipo mafundi wetu wanapoharibu kazi ya kiwanda kizima. Poliethilini haishiki gundi. Hakuna gundi ya PVC itakayoiunga, hata ukimwaga kopo lote. Kinachofanyika mitaani ni kuwasha karatasi, kulainisha ncha ya bomba kwa moto, kulipanua kwa kijiti, kuchomeka lingine ndani yake, kisha kufunga mpira wa tyubu ya baiskeli kwa nguvu zote. Siku ya kwanza halivuji. Viungio vyake halisi ni vile vya kukaza kwa mkono, vyenye pete ya mpira na meno ndani, na bei yake ndiyo inayomfanya fundi akumbuke tyubu ya baiskeli. Dawa nafuu kuliko zote ni kutounga kabisa: rola ina mita 100, mtaro una mita 40, kwa hiyo kiungio kimoja kwenye mita, kimoja ukutani, katikati hakuna kitu.

Wamarekani walilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia 1978 hadi 1995 waliingiza kwenye nyumba zao mabomba ya polybutylene, plastiki iliyosifiwa wakati huo kuwa ni rahisi na haishiki kutu. Mengi yaliachia kwenye viungio. Kesi yake ilimalizika mwaka 1995 kwa mapatano ya dola milioni 950. Kwetu hakuna mahakama itakayokulipa kwa tyubu ya baiskeli.

Jambo moja watu hulikosea kwa kubana pesa ni saizi. Ukitoka bomba la milimita 20 kwenda 25, kipenyo cha ndani huongezeka kutoka 16 hadi milimita 20 na kidogo. Inaonekana si kitu, lakini kwa presha ile ile maji yanayopita karibu yanakuwa maradufu. Ukipanda tena hadi 32, yanakuwa karibu maradufu mara nyingine. Penye mgao, ambapo una saa chache za kujaza tenki, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tenki litajaa au litaishia nusu. Nyumba yenye familia moja na tenki la juu, mimi ningeweka 32 nikalala.

Nilipofunga hesabu ya kwangu, bomba lenyewe lilikuwa chini ya robo ya gharama. Zilizobaki zilikwenda kwa vibarua wa mtaro, fundi, viungio, mchanga laini wa kulalia bomba, na kung'oa pevingi na kuirudisha. Mtaro uwe wa sentimita 60 kwenda chini, na 90 panapopita gari. Ukinunua rola nyembamba umeokoa theluthi ya robo, na ukija kufukua tena unalipa robo tatu upya. Ndugu zangu wengi bado wanabishana na muuza duka saa nzima juu ya bei ya rola, kisha wanamwachia fundi achague viungio.

Basi chukua mizani. Kama duka halina, nenda lenye nayo. Na siku ya kazi, kabla vibarua hawajarudisha udongo, funga kila koki ndani ya nyumba, fungua valvu ya kwenye mita, ukae kwenye kigoda mbele yake nusu saa ukitazama kile kigurudumu kidogo. Kikitembea, hata kwa unywele, usimlipe fundi pesa ya mwisho.