Nyumba, Ziwa na Bima: Hasara Imetokana na Nini?

Tuchukue mfano wa nyumba mbili zilizo karibu na ufuko wa Ziwa Tanganyika, moja Ujiji na nyingine Kibirizi. Zote zimekatiwa bima. Nyumba ya kwanza iliezuliwa paa na dhoruba ya usiku mmoja, na mvua ikaharibu vyombo vilivyokuwamo. Ya pili iliingiliwa na maji ya ziwa yaliyokuwa yakipanda kidogo kidogo kwa miezi mingi, mpaka kuta zikapasuka. Kila mwenye nyumba anadai fidia. Je, wote wawili watalipwa?

Jibu limo katika maana ya bima yenyewe. Watu wengi huchangia mfuko mmoja ili wachache watakaopatwa na balaa wafidiwe. Hesabu hiyo husimama juu ya mambo mawili: tukio liwe la ghafla, lisilotazamiwa; tena lisiwapate wachangiaji wote kwa wakati mmoja. Moto ukiunguza nyumba moja, wenye nyumba nyingine huendelea kuchangia. Lakini ziwa likipanda, hupanda kwa wote, tangu Kigoma hadi Bujumbura na Kalemie. Ndiyo sababu hati za bima kwa kawaida hutaja dhoruba na mafuriko waziwazi, kila moja kwa masharti yake, na huuacha nje uharibifu wa polepole.

Kupanda kwa ziwa si jambo geni. Ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi, lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, yaani Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi zaidi hupotea kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo mvua ikizidi kwa miaka kadhaa, maji hulimbikizana. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 aliukuta mlango wake umezibwa kwa matope na mafunjo. Muda mfupi baadaye maji yalipasua njia, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Lilipanda tena kwa mvua kubwa za 1961 na 1962, na kufikia kilele mwaka 1964. Kuanzia mwaka 2020 lilipanda tena na kuingia katika majengo ya ufukweni, Kigoma na Burundi pia.

Basi, anayedai fidia hana budi kuonyesha chanzo cha hasara. Atoe taarifa kwa kampuni ya bima mara moja, kwa maandishi, akitaja siku na saa. Apige picha kabla ya kuondoa kifusi. Azuie hasara isiongezeke, kwa mfano kwa kufunika paa kwa turubai, na atunze stakabadhi za gharama hizo. Aorodheshe vitu vilivyoharibika pamoja na thamani yake. Kumbukumbu za upepo na mvua za kituo cha hali ya hewa cha Kigoma zaweza kumsaidia. Kisha mkadiria hasara atafika kupima.

Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa sababu ya kanuni ya uwiano. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi 40,000,000, lakini mwenyewe aliikatia bima ya shilingi 20,000,000 ili alipe ada ndogo. Hasara ikiwa shilingi 10,000,000, atalipwa:

20,000,000 ÷ 40,000,000 × 10,000,000 = shilingi 5,000,000.

Aliikinga nusu ya nyumba. Atalipwa nusu ya hasara. Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kupeleka shauri lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Aliyejenga humo hujiweka mashakani kabla hata ya maji kumfikia.

Shule za mwambao zinaweza kusimika majini mti wenye alama za sentimita, na wanafunzi wakaandika kimo cha maji kila wiki. Daftari la namna hiyo, likitunzwa miaka kadhaa, litaonyesha wazi maji yaliyokuja kwa usiku mmoja na yale yaliyokuwa yakija siku zote.