Panda Ukaione Nchi ya Mbegha

Msomaji mpenzi wa Handeni na Korogwe, milima ya Usambara waiona kwa mbali siku zote. Je, umepata kuipanda? Wageni wavuka bahari kuja kuitazama, na sisi majirani twaishia Mombo!

Zamani ilikuwa nchi yenye mfalme wake, Simba Mwene, na mji wake ni Vuga. Masimulizi ya Wakilindi yasema kuwa mfalme wa kwanza, Mbegha, alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu, huku kwetu. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa utawala. Basi ukienda kule, huendi ugenini kabisa.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilometa 33 za kona nyingi. Njiani tazama maporomoko ya Soni. Ukifika Lushoto, nenda kwa miguu hadi Irente, usimame juu ya jabali uione nyika yote chini yako. Kisha ingia msitu wa Magamba. Mwombe mwenyeji akuongoze, nawe usisahau nguo ya baridi.

Watoto waonyeshe jambo moja: maji yanayomwagilia mpunga wa Mombo yatoka huko juu. Msitu ukikatwa mlimani, njaa hubisha hodi bondeni. Na asiyeuona msitu, atauhurumiaje? Basi baada ya mavuno weka akiba kidogo, uwapeleke.