Mwajiri wa Kenya Mbele ya Makato Yasiyotulia

Tangu mwaka 2023, mwajiri nchini Kenya amekuwa akilipa mishahara chini ya sheria zinazobadilika kwa kasi ambayo mikataba ya wafanyakazi wake haiwezi kuifuata. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyo msingi wa uhusiano wake na wafanyakazi hao, haikuguswa sana katika kipindi hicho. Kilichoyumba ni makato ya lazima, yaani fedha ambazo mwajiri huamriwa kuziondoa katika mshahara ghafi, ule ambao haujapunguzwa chochote, na kuziwasilisha serikalini au katika hazina za umma kabla mfanyakazi hajapokea chake. Bunge, mahakama na wizara zote zina uwezo wa kubadilisha hesabu hiyo, na kila moja huibadilisha kwa wakati wake bila kuingoja nyingine.

Ada ya nyumba ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliagiza kila mfanyakazi akatwe asilimia 1.5 ya mshahara ghafi kwa ajili ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu, na mwajiri atoe kiasi kama hicho kutoka katika fedha zake mwenyewe. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba ada hiyo inakiuka Katiba, kwa sababu, pamoja na mengine, iliwalenga wenye ajira rasmi na kuwaacha wengine; hata hivyo, mahakama hiyohiyo ilisitisha kwa muda utekelezaji wa hukumu yake, hivyo ada iliyokwisha kubatilishwa ikaendelea kukatwa kihalali. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa kuurefusha usitishaji huo na makato yakakoma, lakini tarehe 19 Machi 2024 Rais alitia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyorudisha kiwango kilekile na kuwajumuisha hata wenye kipato kisichotokana na ajira. Mhasibu aliyetegemea vichwa vya habari peke yake angeacha kukata mwezi Novemba, wakati sheria ilikuwa bado ikimtaka akate.

Michango ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo wengi huijua kwa herufi zake NSSF, ilipitia njia iliyo ndefu zaidi. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2013, ikazuiwa na kesi kwa karibu miaka kumi, na muda huo wote mfanyakazi na mwajiri waliendelea kuchanga shilingi 200 kila mmoja kwa mwezi. Mahakama ya Rufani ilipoipa nguvu Februari 2023, mchango uligeuka kuwa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo cha shilingi 18,000, kikomo kilichopanda hadi 36,000 Februari 2024 na 72,000 Februari 2025. Kwa mwenye mshahara uliofika kikomo hicho cha 72,000, shilingi 200 zilikuwa zimekuwa 4,320, na mwajiri wake alilipa kiasi hichohicho.

Mnamo 1 Oktoba 2024 ikaja Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, iliyochukua nafasi ya hazina ya awali ya bima ya afya, NHIF. Aliyepata shilingi 100,000 kwa mwezi, ambaye hapo awali alikatwa 1,700, sasa alikatwa asilimia 2.75 isiyo na kikomo cha juu, yaani 2,750. Kisha, kuanzia 27 Desemba 2024, marekebisho ya sheria za kodi yaliruhusu mchango huo na ada ya nyumba viondolewe kwanza ndipo kodi ya mapato ikokotolewe, kwa hiyo hata mwajiri ambaye viwango vyake vyote vilikuwa sahihi alilazimika kubadilisha mpangilio wa hesabu.

Jambo ambalo halizungumziwi vya kutosha ni kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira, kinachozuia jumla ya makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mfanyakazi aliyechukua mkopo wa Sacco miaka minne iliyopita, na mwajiri wake akakubali kuukata kila mwezi, huenda wakati ule alibakiwa na kiasi cha kutosha; makato mapya yakiongezwa juu ya mkopo uleule, mpaka huo unaweza kuvukwa bila yeyote kuomba chochote kipya, na anayewajibika ni mwajiri.

Tofauti kati ya tangazo na sheria nayo ina gharama yake. Nyongeza ya asilimia 6 ya kima cha chini cha mshahara ilitangazwa katika sherehe za Leba Dei tarehe 1 Mei 2024, lakini ilianza kutumika kisheria tarehe 1 Novemba mwaka huo kupitia amri iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwajiri makini hulipa kwa sheria inayotumika mwezi ule, akaandika kando ya kila badiliko jina la sheria au hukumu na tarehe yake, kisha akampa mfanyakazi taarifa ya maandishi kila masharti ya ajira yake yanapobadilika, kama kifungu cha 13 cha Sheria ya Ajira kinavyomtaka afanye ndani ya mwezi mmoja.

Wajibu huu hauishii kwenye kampuni zenye idara ya rasilimali watu. Kwa amri hiyo ya Novemba 2024, mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na familia iliyomwajiri inadaiwa ada ya nyumba, SHIF na NSSF sawasawa na kiwanda chochote cha Industrial Area.