Theluji haipimwi kwa macho

Wenyeji wa Beni na Mutwanga, mawingu yakitanduka, huona weupe juu ya Ruwenzori, weupe ambao hupungua mwaka kwa mwaka. Wengi wetu theluji twaijua kwa vitabu tu, tukadhani kwamba yote ni ya namna moja. Sivyo.

Sikilizeni habari za Buffalo, mji wa Marekani ulio kwenye ncha ya Ziwa Erie. Tarehe 17 Novemba 1914 haikuwa; ilikuwa karne moja baadaye, yaani 2014, upepo wa baridi kali ulipoanza kuvuma juu ya ziwa hilo, ambalo urefu wake wapita kilometa 380. Maji yalikuwa yangali na joto la kiangazi. Upepo ukachota mvuke njia nzima, ukaumwaga nchi kavu kama theluji, katika ukanda mwembamba. Kusini na mashariki ya mji, mahali pengine theluji ilipita sentimeta 150. Kaskazini zilianguka sentimeta chache tu. Watu wa kaskazini walisimama juani wakitazama ukuta mweupe uliowafunika jirani zao. Baada ya dhoruba ya pili, juma lile lile, kijiji cha Cowlesville kilihesabu karibu sentimeta 220.

Je, hupimwaje? Mpimaji huweka ubao mweupe mahali pasipo na upepo mwingi, husimamisha rula, huandika hesabu, kisha huufuta ubao. Akikawia, theluji hujishindilia kwa uzito wake, na kipimo hupungua.

Lakini kimo si uzito. Theluji kavu ni kama unga wa muhogo: ukiikamata, yapita kati ya vidole. Theluji yenye maji ni kama udongo wa mfinyanzi: ukiifinya, yawa tonge. Wanafunzi, shikeni kalamu. Jirani mmoja ana sentimeta 60 za theluji kavu. Sentimeta 20 zake zikiyeyuka hutoa sentimeta 1 ya maji. Basi anazo sentimeta 3 za maji, yaani kilo 30 juu ya kila meta mraba ya paa. Mwenzake ana sentimeta 30 tu, lakini ni theluji ya maji. 5 zake hutoa 1. Anazo sentimeta 6, yaani kilo 60. Mwenye theluji fupi ndiye mwenye mzigo mzito!

Hayo si mchezo wa hesabu. Mwisho wa juma lile joto lilirudi, na mvua ikanyesha. Theluji ikanywa maji: kimo kikashuka, uzito ukaongezeka, na mapaa kadhaa yakabomoka. Watu zaidi ya kumi walikufa katika siku zile, baadhi yao moyo uliwazimika walipokuwa wakiondoa theluji kwa sepetu.

Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyesimama juani asimcheke aliyefunikwa, wala mwenye theluji ndefu asimdharau mwenye fupi. Tukutanapo na jirani anayelemewa, tusiulize kwanza mzigo wake una kimo gani. Tuushike upande mmoja, tumsaidie kuutua. Hapo ndipo tutakapojua uzito wake.