PABX YA MTUMBA: SOMA LEBO KABLA YA KUPIGA PICHA

Wale mnaouza vifaa vya ofisi vilivyotumika, leo tuongelee PABX, lile boksi la ukutani linalogawa simu za mezani. Wanunuzi wapo: gesti, shule, zahanati. Ila tangazo la "PABX Panasonic, iko poa, njoo inbox" ndilo linalofanya mzigo urudi na wewe udaiwe hela ya nauli.

Chukua KX-TES824 na KX-TEM824. Majina yanatofautiana herufi moja tu, na zote zinafika laini 8 za nje na simu 24 za ndani. Lakini hiyo ni zikishajazwa kadi! TES tupu ina laini 3 na simu 8. TEM tupu ina laini 6 na simu 16. Mteja mwenye vyumba 14 ukimpa TES tupu, hapo hamtaelewana.

Kwa hiyo chomoa umeme, fungua kifuniko, soma namba za kadi. KX-TE82483 inaongeza laini 3 na simu 8. KX-TE82480 inaongeza laini 2 na simu 8. KX-TE82474 inaongeza simu 8 peke yake. Na kuna kitu wauzaji wengi hawakisemi: hizi mbili za mwisho zinapokea simu za kawaida tu. Ile simu ya mapokezi yenye kioo na vitufe vingi haifanyi kazi humo, inataka kuchomekwa kwenye mashine yenyewe au kwenye 82483.

Hata simu yenyewe angalia namba. KX-T7730 ni ya analogi, inakubali. KX-T7630 ni ya dijitali, hizi mashine haziitambui kabisa, hata iwe mpya kwenye boksi. Kuonyesha namba ya anayepiga nako kunahitaji kadi yake, moja kwa kila laini 3.

Mimi tangazo langu huwa hivi: "TES824 yenye kadi 82480. Laini 5, simu 16, ila simu za mapokezi mwisho 8. Kadi ya kuonyesha namba haipo. Napokea maswali." Chini naweka picha ya lebo, ya kadi zikiwa ndani, na video fupi simu mbili zikipigiana. Wanaouliza bei tu wanapungua, ila anayekuja anakuja na fundi wake na hela mkononi.