Turubai Dogo, Mahindi Mengi

Moiben, nje ya mji wa Eldoret, ikishavuna, nyua hugeuka viwanja vya kuanika mahindi. Mwenye turubai pana hutandaza magunia yake yote asubuhi na kuyakusanya jioni. Mwenye turubai dogo hutoa magunia mawili ghalani, akayaanika, akayarudisha, akatoa mengine mawili, na jua likatua kazi ikiwa nusu. Mikono yake si mizito. Siku imeishia katika kubeba. Kompyuta ya nyumbani inayokwama mara nyingi inaugua hivyo hivyo. Prosesa ndiyo mikono, diski ndiyo ghala, na kumbukumbu, ambayo mafundi wa Eldoret huiita RAM, ndiyo turubai. Anayekimbilia kununua kompyuta nyingine kwa sababu ya kukwama huku huwa anaajiri mikono mipya ilhali kilichopungua ni turubai.

Tazama mashine zenyewe. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa jina la “ex-UK” zilitumika kwanza katika ofisi za ng'ambo, na zile za miaka kumi na zaidi iliyopita mara nyingi zina prosesa ambayo bado ina nguvu lakini GB 4 tu za RAM. Zilipotengenezwa, GB 4 zilitosha. Programu ndizo zilizonenepa. Kivinjari kama Chrome huzipa kurasa zilizofunguliwa michakato yake ya pembeni, kila mmoja na sehemu yake ya RAM. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Eldoret aliyefungua tovuti ya serikali ya eCitizen, barua pepe, video ya somo na kazi yake ya kuandika amejaza turubai kabla hajaanza kusoma. RAM ikijaa, mashine huanza kuhamishia diskini vitu visivyotumika sasa hivi na kuvirudisha vinapohitajika. Hapo ndipo mshale wa kipanya unapoganda. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100, lakini diski ya zamani inayozunguka huhitaji milisekunde kadhaa hadi kumi ili tu kuufikisha mkono wake mahali faili lilipo. Tofauti hiyo ni ya mara makumi ya maelfu, pengine laki. Hakuna prosesa inayoweza kufidia safari kama hizo.

Ndiyo maana kipimo kinatangulia dawa, na kipimo hiki hakilipiwi. Fungua kazi zako za kawaida zote kwa pamoja, kisha kwenye Windows bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa wakati mmoja. Dirisha litakaloonekana linaeleza kiasi cha RAM kilichotumika. Kikiwa kinagusa asilimia 90 na diski nayo inahangaika bila kupumzika, turubai ni dogo. RAM ikiwa imetumika nusu tu na bado mashine inajikokota, usinunue RAM hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa: tatizo liko kwenye diski, au kwenye programu zinazojiwasha zenyewe, au kwenye virusi. Kumwongezea RAM kila anayelalamika ni sawa na kumpa dawa ya malaria kila mwenye homa.

Kuna watakaosema kwamba SSD, ile diski isiyozunguka, ingefaa zaidi. Hoja hiyo ina uzito. SSD huifanya mashine iwake upesi na programu zifunguke haraka, na mwenye GB 8 tayari anapaswa kuanza nayo. Lakini kwa mwenye GB 4 zilizojaa, SSD ni mkokoteni: magunia yanasafiri upesi, ila bado yanasafiri, na kila safari ni ya polepole mamia ya mara kuliko kukuta mahindi yameshaanikwa. Anayeweza kununua vyote viwili na anunue. Kwa kazi za nyumbani GB 8 zinatosha. Kuruka hadi GB 32 ni kutandaza turubai la ekari moja kwa magunia manne.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa rasmi prosesa nyingi za zamani, RAM iwe kiasi gani. Kwa nini basi kutia pesa kwenye mashine iliyoachwa nyuma? Kwa sababu kilichoachwa ni mfumo, si chuma. Linux Mint haina malipo, huendelea kupata masasisho ya usalama, na huendesha kivinjari vizuri kwenye GB 8. Mtu ambaye kazi yake inadai programu ya Windows pekee ana haki ya kuhesabu upya.

Na bei? Tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda duniani kwa kuwa viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron, kampuni inayotengeneza RAM, ilitangaza kwamba itaacha kuuza bidhaa zake za Crucial kwa watumiaji wa kawaida. Lakini kompyuta mpya nayo ina RAM ndani yake, hivyo haiepuki kupanda huko. Vipande vya RAM vya aina za DDR3 na DDR4 vilivyotolewa kwenye mashine zilizokufa bado vinafaa kutafutwa kwa mafundi.

Kabla ya kulipa nauli ya kwenda Eldoret, hakikisha mambo machache. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na kipande cha kompyuta ya mezani hakiingii kwenye kipakatalishi. Baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hapo hakuna la kuongeza. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata ukipachika 16. Lile dirisha la vipimo pia huonyesha matundu mangapi yamejaa. Fundi akishapachika kipande, usiondoke dukani upesi: fungua tena kazi zile zile ulizopimia nyumbani, tazama asilimia, na kama haikushuka, mwombe akitoe kabla hujalipa.